Molasi Kwenye Sakafu ya Rispa

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, nisikilizeni kwanza kabla ya kunicheka. Mimi niliachia shule darasa la tano, kwa hivyo msitafute hapa maneno makubwa. Naandika kama ninavyoongea. Tena msinifikirie ajuza wa mkongojo. Niliolewa mapema, binti yangu naye akaolewa mapema, na sasa nina mjukuu wa miaka tisa anayeitwa Shantel, jina ambalo mimi sikuulizwa. Wale wa rika langu wanaijua hiyo hesabu. Na nyinyi mliojitolea kufundisha watoto wa wenzenu njia ya Mungu, haya ni yenu zaidi. Nimefundisha darasa la ubatizo miaka mingi, na kuna kosa moja ambalo nimeliona likifanywa na watu wazuri tu. Watu wabaya hawalifanyi, kwa sababu hawana muda wa mtoto wa mtu.

Jumamosi iliyopita mume wangu alifungua mtungi wa molasi nyuma ya zizi. Molasi ni ule uji mweusi unaobaki kiwandani miwa ikishatolewa sukari, na sisi huku tunawanyunyizia ng'ombe kwenye majani makavu. Harufu yake ni tamu, lakini ndani ya huo utamu kuna kitu kama kimeungua. Mimi nilikuwa natoka jikoni na sahani mkononi. Ile harufu ikanifikia nikasimama pale uani, na watu wa nyumba wakafikiri nimeshikwa na presha. Presha sikuwa nayo. Nilikuwa nimerudi kwenye miaka kumi, nimesimama mlangoni mwa kanisa letu la zamani karibu na Shianda, na nina ndoo ya mtu mwingine.

Kanisa lenyewe lilikuwa la udongo, mabati juu, na madirisha yalikuwa matundu tu. Ni miaka ile redio ya baba ilikuwa haina habari nyingine ila vyama vingi. Sakafu ilikuwa ya udongo pia, na kila Jumamosi ilipakwa mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu na maji, ili vumbi lisiinuke na viroboto wasipate pa kukaa. Kazi hiyo ilikuwa ya wasichana wa darasa la ubatizo, na mwalimu wao alikuwa mama yangu. Kila mtu alimwita Mama Mwalimu, ingawa yeye alisoma mpaka darasa la tatu, na Biblia aliisoma kwa kidole, neno moja moja, kama mtu anayechagua mawe kwenye maharagwe.

Kwa sababu kitabu kilimchelewesha, mama alifundisha kwa mikono. Kila msichana alipewa kipande chake cha sakafu, kutoka nguzo hii hadi nguzo ile, na kilikuwa chake mpaka siku atakapobatizwa. Walipiga magoti kwa mstari, kila mmoja na ndoo yake, na mama akawa anatembea nyuma yao akiuliza. Nani alikuumba? Unajibu huku mkono unazungusha nusu duara. Alikuumbia nini? Nusu duara nyingine. Ukikwama kwenye jibu mkono nao unakwama, na pale ulipokwama alama inabaki. Jumapili asubuhi, kabla ya watu kuingia, mama alikuwanga anapita peke yake akiisoma hiyo sakafu, na hiyo aliisoma bila kidole. "Huyu ameidanganya amri ya saba," angesema. "Angalia alivyopapasa." Na ukimuuliza msichana mwenyewe, kweli alikuwa ameipapasa.

Mimi kazi yangu ilikuwa ndoo. Kuleta mavi kutoka zizini kwetu, kuteka maji, kupepeta majivu, kukoroga. Darasani sikuruhusiwa. "Mpaka ufike miaka kumi na miwili," mama alisema, na mama akishasema alikuwa amefunga na mlango. Lakini masikio hayaulizwi umri. Nikiwa nakoroga ndoo pale mlangoni nilikuwa nimeshika maswali yote na majibu yote, mbele kwenda nyuma na nyuma kuja mbele, na hakuna aliyeniuliza hata moja.

Halafu akaja Rispa.

Rispa alikuwa na kama miaka kumi na tano, mrefu, mikono mirefu, na miguu yenye makovu ya majani ya miwa. Baba yake alikuwa mkata miwa aliyetoka Khwisero akifuata kazi, na walipanga chumba kimoja upande wa Ekero. Mama yake alikuwa amekufa zamani. Shule alikuwa ameiachia darasa la pili. Na nisiwafiche, alikuwa mzito. Si mjinga, mzito. Jambo lilimwingia polepole kama maji kwenye udongo mkavu. Amri za Mungu alizishika tisa. Ya kumi, ile ya kutotamani cha mwenzako, ilimtoroka kila Jumamosi kama kuku aliyeona wageni wanaingia bomani.

"Rispa," msichana mmoja alimchokoza, "amri zako ni tisa kama vidole vya mtu aliyejikata na panga. Ya kumi umemwachia nani?"

"Nimemwachia shemeji yako," Rispa akajibu bila kuinua kichwa. "Yeye ndiye anayeihitaji."

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga ndoo. Mama alisimama akangoja. "Kicheko hakipaki sakafu," alisema. Kisha akachuchumaa kando ya Rispa, akauweka mkono wake wenyewe juu ya ule mkono mrefu uliojaa mavi, na kusema kwa sauti ambayo mimi sikujua anayo: "Rudia, mama."

Mnajua kwetu mtu mzima akimwita msichana "mama" ni kitu gani. Ni kama amemwita jina la mzazi wake, amemweka karibu kabisa. Mimi aliniita "wewe". Wewe, maji. Wewe, hayo majivu ni mengi. Mimi nilisahau chumvi kwenye mboga mara moja tu nikapigwa kwa mwiko. Rispa alisahau amri ya Mungu mara ishirini na kila mara aliambiwa rudia, mama, rudia. Nikawa najiuliza, kati ya chumvi na amri ya Mungu, ni ipi kubwa? Na hakuna wa kumuuliza. Baba naye alikuwa na mzaha wake mmoja tu juu ya jambo hilo. "Mama yenu ameolewa na kanisa," alikuwanga anasema akivua buti zake za shamba, "mimi hapa ni mpangaji." Alisema akicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kama yeye ni mpangaji, mimi ni nani?

Mambo yakazidi. Miwa ya upande ule ilikuwa inakaribia kwisha, na wakataji wangehamishwa kwenda kukata mbali. Mchungaji wetu alikuwa na makanisa mengi, alikuja kubatiza mara moja kwa mwaka. Kama Rispa angeikosa siku hiyo, angeondoka na baba yake bila ubatizo, na nani ajue angefikia kwa mwalimu gani. Kwa hivyo mama akaanza kumleta nyumbani siku za katikati ya wiki. Saa kumi alasiri ningerudi kutoka shule nimkute amekaa kwenye kigoda changu, anamenya njugu na mama yangu, na ile amri ya kumi inamenywa pamoja na njugu.

Siku moja mama alipika obusuma, ugali wetu wa mtama na muhogo, ule unaoacha ukoko mzuri chini ya chungu. Ukoko wa nyumba ile ulikuwa wangu tangu nilipoota meno. Hakuna aliyeniandikia, lakini nyumba nzima ilijua. Mama ananikwangulia kwa mwiko, naenda kuutafuna nyuma ya jiko. Siku hiyo nimekaa nangoja. Mama akakwangua ukoko wote, mzima, haukuvunjika hata kidogo, akaugeuza na kuuweka mkononi mwa Rispa.

"Leo umeisema yote kumi," alimwambia. "Kula."

Rispa alinitazama mimi, halafu akamtazama mama. Akataka kuukata. Mama akasema, "Kula wewe. Huyu hula kila siku."

Nilitoka nikaenda nyuma ya jiko mahali pangu pa kutafunia, nikakaa pale bila kitu cha kutafuna. Nikiwa hapo nikamsikia mama akimwambia baba, aliyekuwa amerudi: "Siku ya ubatizo Rispa atakuwa mtoto wa hapa. Nimeshaazima nguo nyeupe." Na baba akajibu, "Sawa, hata kitanda kipo." Kwa akili yangu ya miaka kumi jambo likawa limekwisha. Wamepata mtoto wa badala yangu. Mchungaji atammwagia maji, halafu Rispa atakuja kulala kwenye kitanda changu, na mimi nitabaki na ndoo.

Kumbe ilikuwa ni desturi tu. Asiye na mama alisimamiwa na mwalimu: alilala kwa mwalimu usiku ule mmoja, akatoka hapo amevaa, na akirudi kutoka kanisani alikula hapo kama binti wa nyumba. Siku moja, basi. Kila mtu mzima alilijua hilo, na ndiyo sababu hakuna aliyeona haja ya kumweleza mtoto.

Jumamosi ya kuamkia ubatizo nilikoroga ndoo kama kawaida. Ya Rispa niliiacha ya mwisho. Nyuma ya zizi mtungi wa molasi ulikuwa wazi. Nilichukua gorogoro, ule mkebe tunaopimia mahindi, nikaujaza nikamimina wote. Mavi yalikuwa meusi na molasi ni nyeusi, hakuna jicho ambalo lingeona. Nilijua molasi inafanya nini. Mtoto wa kwetu anajua: ukidondosha tone moja uani, kabla hujaokota kijiti sisimizi wamefika. Lakini nia yangu, nikisema ukweli, haikwenda mbali hivyo. Nilitaka tu sakafu yake isikauke. Nilitaka mama apite Jumapili asubuhi aione imeharibika, aseme, huyu hajui, huyu si mtoto wangu.

Na shetani ana dharau. Sakafu ya Rispa ilitoka nzuri kuliko zote. Iling'aa kama kiatu cha askari. Miduara yake ilikuwa sawasawa, kumi, hakuna hata mmoja uliokwama. Wasichana walisimama kuitazama. Mama alikunja mikono kifuani.

"Tazameni kipande cha mwanangu," alisema.

Mwanangu. Nilibeba ndoo tupu nikaenda mtoni kuziosha, na huko nilizipiga mateke mpaka moja ikapasuka.

Usiku ule Rispa alilala upande wa ukuta na mimi upande wa nje, kwenye kitanda changu. Alilala vizuri. Kulipokucha tu, mapema hiyo hiyo tukaingia kanisani. Mama hakupita kusoma sakafu siku hiyo, alikuwa anawafunga wasichana vitambaa vyeupe vya kichwa. Mchungaji alifika na pikipiki, watu wakajaa, wasichana wakapiga magoti kila mmoja kwenye kipande chake. Mimi nilikaa na watoto pembeni mwa mlango, na nikawaona wale sisimizi kabla ya mtu mwingine. Walikuwa wamechora mstari mweusi kutoka kizingiti mpaka chini ya magoti ya Rispa, wanakwenda na kurudi kama watu wa sokoni. Jua lilipopiga mabati na mle ndani mkapata joto, nzi wakaja. Baada ya nzi, nyuki.

Mchungaji alianza kuuliza kutoka upande wa kulia, na Rispa alikuwa wa nne. Nyuki mmoja alitua kwenye kitambaa chake. Wengine walikuwa chini, wanazunguka magoti. Nguo ile nyeupe ya kuazima ilikuwa imegandamana na sakafu, na rangi ya kahawia ilikuwa inapanda taratibu. Nikaona sisimizi wanaingia chini ya nguo. Yeye hakusogea. Macho yake yalikuwa mbele, na mkono wake wa kulia, ule mrefu, ulikuwa unazunguka kidogo tu hewani, nusu duara, nusu duara. Alikuwa anajibu maswali kabla hayajafika kwake.

Mzee Zakayo, mzee wa kanisa, akainuka kwenye benchi lake. "Mchungaji, samahani," alisema. "Tusifunike jambo. Wasichana ni kumi na moja. Kwa nini wadudu wamemchagua mmoja? Huyu mtoto ana kitu hajaungama. Tumweke kando kwanza."

Watu wakaanza kunong'ona. Sauti ya mwanamke nyuma yangu ikasema, "Kwanza nani anawajua watu wao?" Nyingine ikajibu, "Hao hutembea na mambo yao." Mchungaji akafunga kitabu kwenye kidole. Alikuwa mtu mpole, lakini mtu mpole pia huogopa wazee. "Binti," alimwambia Rispa, "kuna jambo ungependa kusema?"

Rispa akafikiri. Aliwahi kufikiri haraka lini? Kanisa zima likangoja. Kisha akasema kwa sauti yake ile ile nzito: "Ndiyo. Amri ya kumi." Na akaisema yote, kutoka nyumba ya jirani mpaka punda wake, hakuacha kitu.

Mtu mmoja alicheka akajizuia. Hapo mama akatoka kwenye mstari wa wanawake. Alifika akachuchumaa pale pale alipozoea kuchuchumaa, kando ya Rispa, akakwangua sakafu kwa ukucha, na mbele ya mchungaji na watu wote akaweka kidole mdomoni. Kanisa likaguna. Mama alionja, akameza. Akageuza kichwa polepole mpaka akanipata mlangoni. Alinitazama muda wa kuhesabu mpaka tatu. Nikajua amejua.

Akasimama. "Ni molasi," alisema. "Ya ng'ombe wangu. Mavi yametoka zizini kwangu na ndoo zimetoka kwangu. Mtoto huyu hana kosa, kosa limetoka nyumbani kwa mwalimu wake."

"Mama Mwalimu," Mzee Zakayo alisema, "molasi ilitembea yenyewe?"

"Nimesema imetoka kwangu, mzee."

Basi Rispa alibatizwa. Alibatizwa akiwa wa nne kama mstari ulivyokuwa, na alipoinuka nguo iliacha kipande chake sakafuni. Lakini ibada ilipokwisha wazee waliketi na mchungaji, wakatoka na neno: mwalimu anayeshindwa kuangalia ndoo ataangaliaje roho? Apumzike mpaka mwaka ujao. Darasa akapewa Mzee Zakayo.

Na mimi niliyefanya, nini kilinipata? Nilipata shukrani. Tulipokuwa tunarudi nyumbani kula, Rispa alinivuta nyuma ya wengine. Miguu yake ilikuwa imevimba, inang'aa.

"Mimi ni mtoto wa mkata miwa," aliniambia kwa kunong'ona. "Niliisikia molasi nilipotia tu mkono. Nilijua ni wewe. Ulitaka sakafu yangu ing'ae kuliko zao, sivyo?"

Niliitazama ile miguu iliyovimba.

"Hakuna mtu amewahi kunifanyia hivyo. Usimwambie mtu, watasema ulikosea." Akanishika mkono mpaka nyumbani.

Nyinyi mnaosema wivu ni kitu kidogo, hamjawahi kushikwa mkono namna hiyo. Nilimchukia zaidi. Hata kwenye ubaya niliomfanyia alikuwa amenishinda kwa wema. Wiki mbili baadaye miwa ikaisha, trekta likawabeba wakataji na vitu vyao, na Rispa akapunga mkono mrefu juu ya magodoro. Sikumwona tena.

Sasa nikawa nimempata mama yangu. Jumamosi zote zilikuwa zangu. Mwanamke aliyekuwa anatoka alfajiri na ndoo alikuwa yuko nyumbani, anapaka sakafu ya nyumba yake mwenyewe. Hakunipiga. Hakuniuliza. Ukoko alinipa kila siku, mzima, na nilikuwa nauvunjavunja bila kuula. Baba aliacha ule mzaha wake wa mpangaji. Huko kanisani Mzee Zakayo alikuwa anafundisha kutoka kitabuni, wasichana wamekaa kwenye mabenchi na wanasinzia, na sakafu ilianza kupasuka.

Jumamosi moja nilirudi kutoka kisimani nikasikia mama anaongea ndani. Nilifikiri kuna mgeni. Nikachungulia. Alikuwa peke yake, amepiga magoti, mkono uko kwenye matope. "Nani alikuumba?" aliuliza. Akanyamaza, muda ule ule wa mtu kujibu. Mkono ukazunguka. "Alikuumbia nini?" Akanyamaza tena. Alikuwa anawauliza wasichana ambao hawako. Mimi nilikuwa pale pale mlangoni, mtoto wake wa kuzaa, ninajua majibu yote, na bado alikuwa anamuuliza mtu mwingine. Wivu ukanipanda hata kwa wale ambao hawakuwepo.

Nikaingia nikapiga magoti kando yake. Nikatia mkono kwenye ndoo. Hakunitazama, ila swali lililofuata aliniuliza mimi.

"Amri ya kwanza?"

Nikaisema. Nusu duara. Ya pili. Ya tatu. Nilikwenda kama maji ya mfereji, nikionyesha, ndiyo, nikijionyesha, ili aone ni nani alikuwa anamfungia nje miaka yote. Nikafika ya tisa.

"Amri ya kumi?"

Niliijua tangu nikiwa na miaka sita. Ningeweza kuisema nikiwa nimelala. Nilifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Mkono ukakwama kwenye udongo. Nilijaribu kuusukuma ukapapasa, na alama ikabaki pale, mbaya, kila mtu angeiona.

Mama akaacha kupaka. Akauweka mkono wake juu ya wangu.

"Rudia, mama," alisema.

Hapo nikalia. "Ni mimi niliyetia molasi."

"Najua. Ulitia gorogoro nzima. Ng'ombe alilala njaa siku mbili."

"Kwa nini hukunipiga?"

"Ungelia, ungelala, ungeamka umesahau." Akafuta pua yangu kwa kiwiko chake, kwa sababu mikono yetu yote ilikuwa michafu. "Na pale kanisani kama ningekutaja, wangekuuliza kwa nini umefanya. Hiyo kwa nini ilikuwa ya kujibiwa na mimi. Nilimpa mtoto wa watu ukoko wako, na sikukuuliza."

Hatukukumbatiana. Mama hakuwa mtu wa hayo. Kesho yake alinipeleka kwa Mzee Zakayo nikasema yote kwa mdomo wangu. Mzee alinitazama juu ya miwani, akasema, "Kumbe molasi ilitembea kwa miguu miwili," na mwaka ulipogeuka mama alirudishiwa ndoo zake. Nilipofika miaka kumi na miwili nilipewa kipande cha sakafu kati ya nguzo mbili, kile kile cha Rispa. Sikukiomba.

Nimemtafuta Rispa, nimeuliza watu wa Khwisero, hakuna anayejua. Lakini mahali fulani yuko mama wa watu, labda naye sasa ni kukhu, yaani nyanya, na najua anawasimulia wajukuu wake juu ya msichana mdogo wa Shianda aliyeiba molasi ya ng'ombe ili amng'arishie sakafu siku ya ubatizo wake. Yule msichana anayemsimulia alikuwa mwema kweli. Mimi mpaka leo namwonea wivu.

Nirudi kwenye Jumamosi iliyopita. Siku hizi sakafu ni saruji, nafundisha hapa nyumbani, na wasichana wangu wanajibu huku wanapukuchua mahindi. Mmoja wao amefiwa na mama yake mwaka huu. Alikuwa amejibu vizuri siku hiyo, na ile sahani niliyokuwa nimeibeba nikitoka jikoni, nilipokuwa nimesimama na harufu ya molasi puani, ilikuwa na ukoko. Nilikuwa nampelekea yeye. Nikageuka, nikamwona Shantel wangu nyuma ya jiko, amekaa pale na mikono mitupu, ananitazama bila kupepesa.

Nikarudi jikoni. Nikamwita mume wangu, binti yangu, na kila anayekula kwenye chungu changu. Nikaweka sahani mbele ya Shantel, nikawaambia: "Kuanzia leo, katika nyumba hii, ukoko hautapewa mgeni wala mwanafunzi kabla mtoto wa nyumba hajaulizwa. Akikataa, msimchape. Akikubali, aukate kwa mkono wake mwenyewe, na kipande kikubwa asikichague mtu mwingine yeyote ila yeye. Na wewe mzee, funika huo mtungi."